Nani Tumwandike wa Mwisho?

Kila mwaka kabla ligi haijaanza, vijana wetu hapa Buyenzi wanachukua karatasi na kupanga timu za Primus Ligue, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Karatasi zinaingia kwenye bahasha hadi msimu uishe. Aliyekaribia ukweli, wengine wanamnunulia Fanta. Mimi ndiye mtunza bahasha.

Karibu wote wanaanza na Vital'O. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: "Vital'O ni Vital'O." Sawa, timu ile ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika 1992, ikafungwa na Africa Sports ya Abidjan. Lakini hawa watoto hawakuwa wamezaliwa! Wanatabiri jina. Na jina liliwaangusha: 2021 bingwa alikuwa Le Messager ya Ngozi, 2022 Flambeau du Centre, 2023 Bumamuru. 2024 Vital'O wakachukua, basi wale walioiandika kila mwaka wakapita wakitamba, "Si tulisema?"

Msimu uliopita kijana mmoja aliniuliza: "Kaka, hii timu tunayoiandika ya mwisho imetukosea nini? Haijacheza hata mechi moja." Nilicheka tu.

Wiki ile ile nilipewa fomu. Niandike vijana kumi kwa mpangilio, nani ataweza kumaliza mafunzo ya ufundi. Nafasi zilikuwa nne. Yule kijana nilimweka wa tisa. Nilijua nini juu yake? Kwamba anachelewa, na kwamba aliacha shule mara mbili. Baadaye ndipo nikasikia kwamba asubuhi anambebea mama yake ndizi mpaka soko la Ruvumera. Kumbe na mimi nilitabiri kwa jina, ila langu lilikuwa jina baya.

Tangu hapo nafikiria hivi. Timu tuliyoiandika ya mwisho haijui kitu kuhusu bahasha yetu. Jumamosi itaingia uwanjani, itaanza na sifuri kama wengine, na ikishinda inapata pointi tatu zake. Utabiri wetu haujaigusa. Ila orodha yangu ilimnyima kijana mechi zenyewe. Sasa nikisema "niliona mapema kwamba hataweza," nani atanikosoa? Hakucheza. Utabiri wa namna hiyo hauwezi kukosea kamwe, na kwangu hapo ndipo dhuluma ilipo, hata kama aliyeandika alikuwa na nia njema.

Ndugu zetu wa mashirika, najua mtaniambia nafasi ni nne na vijana ni kumi, lazima mtu achague. Ni kweli. Mwenzangu mmoja anasema tupige kura ya bahati, angalau bahati haimdharau mtu. Mimi sikubali moja kwa moja, maana kuna anayetaka kweli na kuna anayesukumwa na wazazi, na bahati haiwezi kuwatofautisha. Ninachotaka ni kidogo zaidi: kabla hatujamwandika mtu wa tisa, aulizwe kwa nini anachelewa, na aambiwe tumemweka wapi.

Nimeomba fomu ijayo iwe na sehemu hiyo. Sijajibiwa bado. Na yule kijana sijamwambia kitu. Jana ameniletea karatasi yake ya ligi, akaniuliza tena kama zile nafasi za ufundi zitatoka mwaka huu.