Jiji na Bandari Yake

Mji uliolelewa na bandari una haki gani juu ya bandari hiyo? Swali hili laonekana kuwa la wachumi na mawakili. Lakini kiini chake ni haki baina ya jirani na jirani, ndiyo maana twalileta mbele ya wasomaji wetu.

Tuuangalie mji wa Mombasa. Reli mpya ya kwenda Nairobi ilifunguliwa Mei 31, 2017. Tangu mwaka 2018 makontena mengi yaliamriwa yapakiwe katika treni pale Kilindini, yapelekwe hadi bandari kavu ya Nairobi, yakatolewe huko. Na Agosti 2019 amri ile ikakazwa. Sababu yake ilikuwa deni. Reli ilijengwa kwa mkopo mkubwa kutoka China, na Mamlaka ya Bandari ilikuwa imejifunga kuipatia shehena ya kutosha. Huko Nairobi hesabu hiyo ilieleweka. Pwani ilionekana kwa sura nyingine: malori yalisimama, yadi za makontena zikapunguza wafanyakazi, mawakala wa forodha wakakosa kazi. Nao wapishi wa vibandani huko Changamwe, na wenye nyumba za wageni kutoka Mariakani hadi Mtito Andei, walioishi kwa shilingi ya dereva na utingo wake, ni nani aliyewahesabu? Mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana barabarani Jumatatu baada ya Jumatatu.

Yuko atakayetujibu kwamba bandari si mali ya mji mmoja. Shehena ya Kilindini yangojewa Kampala, Kigali na Juba. Iweje basi nchi nzima, tena na majirani zake, wafungwe na riziki ya wenye malori wa Mombasa? Hoja hii ni nzito. Mji ukiifanya bandari kuwa ng'ombe wake wa kukamua, atakayelipa ni mnunuzi maskini wa bara, kwa bei ya sukari na ya mabati. Hatusemi, basi, kwamba Mombasa ilikuwa na haki ya kuzuia reli.

Twasema hivi: faida ya bandari huenea mbali, lakini mzigo wake haueneki. Moshi, vumbi, msongamano wa barabara na ajali za malori hubaki palepale penye gati. Anayebeba mzigo huo ana haki ya kusikilizwa kabla ya shauri kukatwa, wala si kupozwa baadaye. Papa Pius XI alifundisha mwaka 1931, katika barua yake Quadragesimo Anno, kwamba ni dhuluma kwa jumuiya kubwa kuipokonya ile ndogo kazi inayoweza kuifanya yenyewe. Novemba 2020 Mahakama Kuu huko Mombasa nayo ilitamka kwamba amri zile zilivunja Katiba, maana wananchi hawakushirikishwa, wala serikali ya kaunti, ambayo ndiyo serikali ya mji wenyewe, haikushauriwa ipasavyo.

Wengine huona dawa ni mji kuimiliki bandari. Huko Rotterdam, Uholanzi, bandari ilikuwa idara ya jiji hadi ilipofanywa kampuni mwaka 2004, na hata leo jiji lina hisa karibu asilimia 70. Hata hivyo, mwaka ule ule wa 2004 iligundulika kwamba mkurugenzi wa bandari alikuwa ameyadhamini madeni makubwa ya mfanyabiashara mmoja, baraza la jiji lisijue; akajiuzulu. Kumiliki peke yake, basi, hakukumfungua baraza macho. Jambo jema zaidi la kujifunza kwao ni jingine. Walipotaka kuipanua bandari baharini, kazi iliyofunguliwa rasmi mwaka 2013, walikubaliana tangu mwanzo kwamba upanuzi huo uende sambamba na hekta 750 za maeneo ya miti, nyasi na mapumziko kwa ajili ya wakazi. Ahadi hiyo iliandikwa ndani ya mpango wenyewe, pamoja na gati na vina vya maji, haikuachwa iwe hisani ya baadaye.

Turudi Mombasa. Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto aliagiza kazi ya kutoa mizigo irudishwe bandarini. Watu walishangilia, wala hatuwalaumu. Lakini twaona kwamba riziki yao iliondoka kwa amri kutoka juu, ikarudi kwa amri kutoka juu. Lililowapasa wakuu wa bandari na wa kaunti baada ya shangwe ile ni kuketi na kuandika ni shehena kiasi gani itapita relini na kiasi gani barabarani, na ni nani wa kuulizwa kabla ya kugeuza. Deni la reli bado lalipwa.