Chuo cha Askari na Fedha ya Umma

Lipo suala ambalo kila mji wenye serikali hukutana nalo siku moja, ingawa si kila mji hulijadili kwa sauti: je, ni haki kuichukua fedha ya wote na kuwajengea nyumba ya mafunzo wale ambao kazi yao, pamoja na kutulinda, ni kutukamata na pengine kutupiga? Anayelipia mafunzo ya daktari hutaraji kutibiwa. Anayelipia mafunzo ya askari hutaraji mambo mawili kwa mara moja, kulindwa naye na kumwogopa, na hapo ndipo ulipo ugumu.

Katika mji wa Atlanta, Marekani, suala hili lilifikishwa barazani waziwazi. Septemba 2021 madiwani walipiga kura ya kukodisha eka 85 za ardhi yenye msitu kwa ajili ya chuo cha polisi na zimamoto, baada ya kusikiliza saa 17 za maoni ya wananchi yaliyorekodiwa kwa simu, na mengi katika hayo yalikuwa ya kupinga. Juni 2023 wakakutana tena kuidhinisha fedha. Wananchi wakasema kwa zaidi ya saa 14, na alfajiri kura zikawa 11 kwa 4, chuo kikapita. Mtu aweza kusema kwamba waliozungumza walipoteza usiku wao. Mimi sioni hivyo. Chuo kile kilijengwa, lakini askari aingiaye humo anajua kwamba watu wa mji walimkalia kikao na kumjadili.

Kwetu Unguja jambo limekaa kwa namna nyingine. Tangu Mapatano ya Muungano ya Aprili 1964, polisi ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Fedha zake hupitishwa na Bunge, Dodoma, na shule yake kuu ya kuruta ipo Moshi. Baraza la Wawakilishi, pale Chukwani, hupitisha fedha za vikosi vya Serikali ya Mapinduzi, yaani KMKM, JKU, Chuo cha Mafunzo, Zimamoto na Valantia. Lakini askari asimamaye Darajani, au anayeandika maelezo ya mlalamikaji katika kituo cha Malindi, hayumo katika hesabu hiyo. Ni kweli kwamba Wabunge wa Zanzibar wapo Dodoma na wana kura. Hata hivyo mjadala juu ya askari wetu aghalabu hufanyika mahali pengine: juu ya baraza za mawe za Mji Mkongwe, baada ya sala ya alasiri, kikombe cha kahawa mkononi, pasi na kura wala karani wa kuandika. Mimi nimeshika kalamu ya Serikali kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na naijua tofauti iliyopo baina ya neno lililosemwa na neno lililoandikwa.

Wasemao juu ya baraza hizo hugawanyika pande mbili. Wapo wasemao kwamba kila shilingi iendayo kwa askari imenyang'anywa skuli na hospitali. Wapo wanaojibu kwamba pasipo askari hakuna skuli wala hospitali itakayosimama. Maneno yote mawili ni mepesi, na historia ya kisiwa hiki imekwisha kuyakanusha.

Tutazame Ziwani. Mwezi Desemba 1963, serikali iliyopokea uhuru kutoka kwa Waingereza iliona kwamba askari wake wengi wa polisi wametoka bara, ikawatilia shaka, ikaanza kuwaachisha kazi. Askari aachishwaye kazi huvua sare na kurejesha bunduki. Lakini ujuzi hauvuliki, wala hapana ghala la kuurejeshea. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 kambi ya Ziwani ilivamiwa na silaha zake zikatekwa, na miongoni mwa waliokuwa upande wa Mapinduzi walikuwamo watu waliopata kuivaa sare ile ile. Hapa sizungumzii sababu za Mapinduzi, ambazo mizizi yake ni mirefu na imezama katika ardhi na dhuluma. Nazungumzia hesabu ya serikali iliyodhani kwamba askari ni chombo cha kutumiwa na kutupwa. Kumfunza mtu silaha ni ahadi ya miaka mingi, na mwenye kuingia gharama ile huingia pia wajibu wa kumtunza aliyemfunza. Anayetaka kubana matumizi katika jambo hili na aikumbuke Ziwani.

Sasa tutazame Kiembe Samaki. Mwaka 1951 wakulima wa huko, ambao tayari walikuwa na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya kiwanja cha ndege, walikataa amri ya kuchanjwa ng'ombe wao. Walishitakiwa, wakahukumiwa. Tarehe 30 Julai umati ukawanasua baadhi yao walipokuwa wakipelekwa jela, ukawafuata waliobaki hadi Kilimani, na polisi wakafyatua risasi. Watu walikufa kwa ugomvi ulioanzia zizini. Wazee wakaviita Vita vya Ng'ombe. Basi polisi wale hawakukosa mafunzo! Walijua kupanga mstari, kulenga na kutii amri. Hakuna aliyewafunza kumsikiliza mkulima, kwa kuwa aliyewalipa hakuwa mkulima, na aliyetunga mafunzo yao hakumhesabu mkulima kuwa ni mtu wa kusikilizwa.

Kwa hiyo tusiulize tu kama chuo kijengwe; tuulize ni chuo cha nini. Katika Kiunguja cha wazee, chuo ni kitabu, kisha likawa ndilo jina la mahali kitabu kinaposomwa. Mtoto hutiwa chuoni kabla ya skuli, akafunzwa adabu pamoja na herufi, na sijamsikia mwalimu aliyevitenganisha viwili hivyo. (Jela nayo tumeiita Chuo cha Mafunzo. Wapo wanaolicheka jina hilo. Mimi naliona kuwa ni ahadi nzito ambayo Serikali imejiandikia yenyewe juu ya mlango.) Tukisema chuo cha polisi, basi ama tumesema adabu, ama tumesema uwongo.

Na adabu ya kupiga si jambo geni kwetu. Makunduchi, katika siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana hadharani kwa mabua ya migomba, na wanawake huimba maneno yasiyosemwa siku nyingine. Mgeni huona fujo. Mwenyeji ajua kwamba pana silaha inayoruhusiwa na zisizoruhusiwa, pana wakati wa kuanza na wakati wa kuacha, na anayepigwa leo ni jirani wa kesho. Miji ya kusini mwa kisiwa iliendeshwa zamani na wazee walioitwa watu wanne, wasio na bunduki hata moja. Sidai kwamba watu wanne wangeuweza mji wa leo, wenye dawa za kulevya na magari na wageni wa kila lugha. Lakini walikuwa na kitu ambacho hakinunuliwi kwa saruji: waliwajua watu kwa majina, na watu waliwajua wao.

Tarehe 27 Januari 2001, nusu karne baada ya Kiembe Samaki, watu waliuawa tena kwa risasi za polisi katika maandamano, wengi wao Pemba, na askari naye akauawa. Rais Mkapa akaunda Tume chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Baadaye ikaja polisi jamii, iliyohimizwa na Inspekta Jenerali Said Mwema, kumrejesha askari shehiani. Hayo yote ni mafunzo yaliyolipiwa kwa bei kubwa kuliko jengo lolote.

Mimi naunga mkono fedha ya chuo, na naiunga mkono iwe nyingi, kwani askari asiyefunzwa hutugharimu zaidi. Ninachokataa ni kulipia mlango uliofungwa. Masheha na wazee wa mitaa waitwe wakaseme darasani, na mtaala usomwe Chukwani hata kama kura ipo Dodoma. Na kuruta wa wiki ya kwanza, kabla hajashika bunduki, atembezwe kwa miguu kutoka Kiembe Samaki mpaka Kilimani, asimuliwe habari ya ng'ombe wale na mjukuu wa mmoja wa wenye ng'ombe, kisha aulizwe yeye angefanya nini.