Chakula Bora ni Muda wa Mtu

Makobola, maongezi ya jioni hayana mada moja. Mtu ataanza na mvua: je, imenyesha huko mlimani, au imepita tu juu ya ziwa kuelekea Burundi? Akitoka kwenye mvua ataingia kwenye muhogo ulioloweshwa juzi, kama umeshalainika. Kisha ataulizia ndagala, samaki wadogo wa ziwani, maana mwezi umejaa na wavuvi wamelala nyumbani. Mwishowe mzee mmoja atalilalamikia goti lake lililochoshwa na mteremko wa shambani, na jirani atamwambia apunguze chumvi kwa ajili ya presha. Hali ya hewa, mapishi, kazi ya mwili na afya ni maongezi mamoja, kwa sababu kwa watu wa mwambao huu mambo hayo hayajawahi kutengana.

Makobola iko kusini mwa Uvira, mashariki mwa Kongo (DRC), kwenye barabara ya taifa namba 5 iendayo Baraka na Fizi, imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba. Wengi wakilisikia jina hilo hukumbuka mauaji ya siku za mwisho za Desemba 1998 na za mwanzo za Januari 1999, ambamo mamia ya raia walipoteza maisha. Kumbukumbu hiyo haifutiki wala haipaswi kufutwa. Lakini waliouawa walikuwa na mashamba, vinu na vyungu, na walionusurika waliendelea kupika. Ni upishi huo ninaotaka kuuzungumzia leo, kwa sababu umebeba elimu ya afya ambayo tunaiacha itoweke huku tukidhani chakula bora ni kitu cha kuletwa kutoka mbali.

Ushauri wa wataalamu tunausikia redioni, na ni mzuri. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, chumvi isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo, na mwili ushughulishwe angalau dakika 150 kwa wiki. Sina ubishi na hesabu hizo. Ninachosema ni kwamba ushauri huo haumgusi mtu mmoja: yule anayesimama kati ya shamba na sahani. Tunaambiwa tule nini. Hatuulizwi nani atakiandaa, kwa saa ngapi, na kwa maji ya wapi.

Chukua sombe. Mama huchuma majani ya muhogo, yale machanga ya juu, kwa sababu yaliyokomaa ni magumu. Anayaosha, anayatia kwenye kinu na kuyatwanga mpaka mchi uache kuteleza na majani yashikane, rangi yake ikikolea. Kisha yanaingia chunguni na maji, bila mafuta kwanza, yachemke wazi hadi harufu ile kali ya kijani iondoke. Hapo ndipo vinaingia vitunguu, pilipili, mawese, na konzi mbili tatu za ndagala wakavu. Moto unapunguzwa, na chungu kinaachwa kiive taratibu. Kuanzia kuchuma mpaka kupakua, nusu ya siku imekwenda.

Kila hatua hapo ina sababu. Muhogo, majani yake na mizizi yake, una kemikali ambayo ikivunjika hutoa sayanidi, sumu kali. Kutwanga huzipasua chembe za jani ili sumu ifunguke, na kuchemsha huifukuza ikapotea na mvuke. Inayobaki kidogo mwili wenyewe unaweza kuiondoa kwa njia ya mkojo, ila kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo tunaipata kwenye protini, hasa ya samaki, nyama na mayai. Kwa hiyo ndagala ndani ya sombe ana kazi kubwa zaidi ya kuleta ladha. Na kwa kuwa analiwa mzima, pamoja na mifupa yake, anampa mtoto kalsiamu ya kujengea mifupa. Mawese nayo, ikiwa hayajaunguzwa mpaka kupoteza wekundu wake, yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho. Hakuna koko, yaani bibi, wa Makobola aliyekaa maabara kuyajua haya. Waliyajua kwa kuangalia nani anaumwa na nani anapona, kizazi baada ya kizazi, wakayaweka kwenye mikono ya binti zao.

Ugali wa muhogo ni vivyo hivyo. Muhogo mchungu unamenywa, unaloweshwa siku 3 au 4 mpaka uchachuke na kulainika, unaanikwa juani, ndipo unasagwa. Siku hizo si za mapambo. Zikifupishwa, ugonjwa unaoitwa konzo uko tayari mlangoni. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1938 na daktari Giovanni Trolli, aliyeandika kuhusu wagonjwa wa Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu. Mtu anaamka asubuhi miguu imekakamaa, na haitarudi tena kama ilivyokuwa. Mara nyingi wanaopatwa ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981 ugonjwa huo uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame. Mwaka 1985 ulionekana wilayani Tarime, Tanzania, nako wakati wa ukame.

Ukiyaangalia matukio hayo, sura yake ni moja. Ukame unaacha shambani muhogo mchungu peke yake, na kuuzidisha uchungu wake. Samaki na maharage yanakosekana. Watu wenye njaa, au wanaokimbia vita, hawawezi kusubiri siku 4. Watu hawakuwa wamesahau namna ya kupika. Walinyang'anywa muda wa kupika. Ndiyo maana nasema vita inaingia chunguni mapema sana, hata mahali ambapo risasi haijafika: mama anayelala na mzigo umefungwa mlangoni haloweshi muhogo wa siku 4, kwa sababu hajui kama keshokutwa atakuwepo kuutoa majini.

Watu wa mwambao wetu wanayajua maisha hayo. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo wa pande zetu, na bado ipo. Kuna watu wazima waliozaliwa humo, waliokua kwa unga wa mahindi wa mgao, maharage, mafuta ya kopo na chumvi. Wengi wamekwenda kuishi Marekani, na wakipiga simu huuliza habari ya nyumbani, kisha wanauliza sombe inachemshwa kwa muda gani. Naliheshimu sana swali hilo. Anayeliuliza anatafuta kilichokatika, na sisi tuliobaki tuna deni la kumjibu kwa ukamilifu, hatua kwa hatua, pamoja na sababu zake.

Hata anayebaki kwake Makobola, mvua na ziwa vinampangia sahani. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua hunyesha, na muhogo ulioanikwa unaweza kuota ukungu kabla haujakauka. Mbalamwezi ikijaa, taa za wavuvi hazivuti ndagala, na soko linabaki na akiba ya wakavu. Kiangazi upepo wa kusini husukuma maji ya juu ya ziwa, na maji ya chini yenye rutuba yakapanda na kuwalisha viumbe wadogo wanaoliwa na ndagala. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 1,470, kwa hiyo kazi ya upepo huo si ndogo. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walichapisha katika jarida la Nature kwamba kupata joto kwa ziwa kumepunguza uzalishaji wake kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha samaki kupungua kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nauunga mkono uamuzi wa kulipumzisha ziwa, kwa sharti kwamba miezi hiyo chungu kisibaki na sombe tupu. Maharage na karanga zipandwe kwa kuhesabu miezi hiyo, na ndagala wakaushwe juu ya chanja safi, si juu ya mchanga, ili akiba idumu.

Sasa nije kwenye mazoezi, maana hapa ndipo maongezi yetu ya jioni hunyamaza. Mashamba mengi ya Makobola yako mlimani. Mama anapanda alfajiri na jembe, anashuka na furushi la mihogo mgongoni, kuni juu yake, mara nyingine na mtoto kifuani. Zile dakika 150 za wiki anazimaliza Jumatatu kabla ya chakula cha jioni. Akifika nyumbani anateka maji, anatwanga, anapika. Hakuna mtaalamu atakayemshauri afanye mazoezi zaidi. Anachohitaji ni kupumzika, kwa kuwa mwili wake unalipa: shingo, kiuno, magoti.

Katika nyumba hiyohiyo yupo kijana anayeshinda juu ya pikipiki kati ya Makobola na Kalundu, bandari ya Uvira, akila mandazi na kunywa soda njiani. Yupo baba anayeshinda kitini, ambaye tayari ameambiwa kwenye kituo cha afya kwamba presha yake imepanda na atembee. Jumapili kijana anakwenda kukimbia kandokando ya barabara, na ni vizuri. Lakini tazama tulivyoigawa kazi ya mwili: mmoja amezidiwa nayo mpaka inamuumiza, mwingine ameikosa mpaka inamuumiza. Dawa ya wote wawili ni moja, na iko uani imesimama ndani ya kinu. Kijana akishika mchi nusu saa, mikono yake na moyo wake vimefanya kazi, na mama amepata nusu saa. Baba akipanda mlimani na kurudi na furushi, ametembea kama alivyoagizwa, na mkewe ameshuka mikono mitupu.

Najua atakayesema kutwanga si kazi ya mwanaume. Namjibu kwa heshima kwamba desturi zetu zilijengwa wakati uani kulikuwa na shangazi, wakwe na binti watatu wanne wa kupokezana mchi. Leo shangazi yuko Nyarugusu, mkwe yuko Bujumbura, binti yuko shuleni anakostahili kuwa. Mama amebaki peke yake na kazi ya watu watano, na anapochoka anafupisha: muhogo unatolewa majini siku ya pili, sombe inachemshwa haraka, na ladha inayokosekana inanunuliwa dukani kwa vile vidonge vya kuungia mchuzi ambavyo sehemu kubwa yake ni chumvi. Halafu tunashangaa presha. Mkono mmoja haulei mwana, na haupiki sombe salama pia.

Maji nayo yaingie kwenye hesabu. Uvira na mwambao wake vimesumbuliwa na kipindupindu kwa miaka mingi, na wengi bado wanakunywa maji ya ziwa na ya mito. Chakula kilichopikwa kwa nusu siku kinaharibiwa na kikombe kimoja cha maji machafu. Kuchemsha maji kunataka kuni, kuni zinataka mgongo, na mgongo huo ni uleule. Bomba la maji safi karibu na nyumba ni mpango wa chakula bora, ingawa watu wa mipango wanaliweka kwenye daftari jingine.

Kuna mambo tunayoweza kuanza nayo. Watoto wote, wavulana kwa wasichana, wafundishwe muhogo unaloweshwa kwa nini, si unaloweshwa vipi tu. Pale ambapo siku zimekuwa fupi kwa sababu ya hofu au safari, kuna njia iliyojaribiwa Kwango: unga wa muhogo unachanganywa na maji, unatandazwa tabaka jembamba juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, na sehemu kubwa ya sumu inatoka kabla ya kusonga ugali. Kinu cha mashine kikipatikana kijijini, kiwekwe karibu na wanaotwanga, kwa bei wanayoiweza. Sombe isipikwe bila ndagala, maharage au karanga, hasa ya watoto. Na wenye madaraka wajue kwamba kila usiku wa amani kwenye barabara hii ni siku moja zaidi ya muhogo kukaa majini inavyotakiwa.

Ardhi na ziwa vya Makobola vina karibu kila kitu ambacho wataalamu wanatuagiza tule. Kinachopungua ni saa za watu, na kwa sasa saa hizo zinatolewa na mtu mmoja katika kila nyumba. Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kuulizana chakula kipi ni bora, tuulizane nani atatwanga, nani atateka maji, na nani atapanda mlimani. Nyumba iliyoyajibu maswali hayo kwa haki imeshaanza kula vizuri.