Hati Zitunzwazo na Majina Yaliyopotea

Kila siku katika mji wa Dar es Salaam maelfu ya watu hulitaja jina la Kariakoo. Mwenye kununua nyanya hulitaja, na mwenye kuuza vitenge, na kondakta wa daladala huliita mara mia kabla ya adhuhuri. Wachache wakumbuka ya kuwa neno hili si la Kizaramo wala la Kiarabu. Ni Kiingereza kilichotafunwa katika vinywa vya watu, Carrier Corps, maana yake kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliwakusanya hapo wapagazi wa vita, penye jengo la soko ambalo Wadachi walikuwa wamelijenga wala hawajapata kulitumia. Vita ilipokwisha soko likafunguliwa mwaka 1923. Wapagazi walikuwa wamekwisha kutawanyika, na wengi wao wamekufa. Jina la kikosi likabaki. Majina ya watu hayakubaki.

Neno hili ndilo nitakalo tulifikiri pamoja mwezi huu. Mtu aliyetumikia, akafa, na jina lake halikuandikwa mahali, au liliandikwa na daftari ikatupwa, je, ametendewa udhalimu? Au ni bahati mbaya tu, kama mvua isiyonyesha?

Penye njia panda katikati ya mji, iliposimama sanamu ya askari wa shaba tangu mwaka 1927, yako maneno ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza ya kuwaheshimu askari wa Kiafrika, na wapagazi nao wametajwa. Ni maneno mazuri. Lakini mtu akienda pale kulitafuta jina la babu yake hataliona, kwa kuwa hakuna jina hata moja. Mwezi wa Aprili 2021, yaani baada ya miaka mia na zaidi, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya kukiri kosa lake yenyewe. Ilisema ya kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, waliokufa katika utumishi wa Uingereza wakati wa vita ile, walio wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Angalieni jinsi hesabu hiyo ilivyo pana. Kati ya namba ya kwanza na ya pili wako watu zaidi ya laki mbili, ambao hata leo hatuwezi kusema kama walikufa au hawakufa. Mchungaji akipoteza kondoo mmoja hujua ni yupi. Hapa hata idadi ya zizi haijulikani.

Najua liko jibu ambalo wengi wetu tutalitoa upesi, ya kuwa Mungu awajua wote, na chuo chake hakiliwi na mchwa. Ni kweli, wala sitaki kulipinga. Walakini jibu hilo likitolewa upesi mno huwa mto laini wa kulalia mdeni. Maana mpagazi yule alikuwa na mshahara. Wengi waliokufa fedha yao haikulipwa, kwa sababu jamaa zao hawakujulikana walipo. Nao hawakujulikana kwa sababu hapakuwa na mwandiko ulio sahihi wa jina, wa baba, na wa kijiji. Mungu alimjua mjane, mlipaji hakumjua. Deni lilikuwa la mlipaji.

Basi sasa tazameni upande wa pili. Mwaka ule ule wa 1916 Wadachi, walipoona ya kuwa nchi inawatoka, walizichukua hati za serikali yao, wakazificha, na nyingine wakazifukia ardhini ili adui asizipate. Baada ya vita zikafukuliwa. Leo ziko katika Nyaraka za Taifa, mtaa wa Vijibweni, Upanga, ambako si mwendo mrefu kwa miguu kutoka sokoni Kariakoo. Wataalamu wawili wa Kidachi, Eckhart Franz na Peter Geissler, waliziandikia orodha iliyochapishwa mwaka 1973, na mwaka 1997 UNESCO ikazitia katika daftari lake la Kumbukumbu ya Dunia. Humo mna habari za mashamba, kodi, njia za reli, misheni, kazi za mikono, na kesi za watu. Nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kidachi, ambao hata Wadachi wa siku hizi husoma kwa kukunja uso.

Nakiri ya kuwa nilipoyajua mambo hayo mawili pamoja moyo wangu uliudhika. Karatasi ilichimbiwa shimo kwa uangalifu, ikafukuliwa kwa uangalifu, ikapewa namba na rafu. Mpagazi alichimbiwa shimo kandokando ya njia, na wengine hawakuchimbiwa. Mtu aweza kuuliza, nyumba ya nyaraka ni ya nani basi, ikiwa serikali hujikumbuka yenyewe na kumsahau mtumishi wake?

Lakini nilipolifikiri tena niliona ya kuwa hasira yangu ilikosa njia. Hati huandikwa kwa faida ya mwenye kuandika. Hilo ni kweli, nalo halitabadilika. Karani wa kodi haandiki kwa ajili ya mjukuu wa mlipa kodi. Hata hivyo karatasi ikidumu kuliko bwana wake hugeuka ikawa shahidi, wala haitamwuliza bwana yule inachopasa kusema. Wasomaji wa kitabu cha Ezra wakumbuka ya kuwa Wayahudi waliozuiwa kuijenga nyumba ya Mungu hawakuokolewa kwa upanga. Waliokolewa kwa sababu mfalme Dario aliamuru hati zitafutwe, na amri ya Koreshi ikaonekana huko Umedi. Koreshi alikuwa amekwisha kufa.

Jambo kama hili limetokea kwa jirani zetu, si zamani. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa makambini wakati wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Wengi walidhani ya kuwa hawatashinda, maana nusu karne ilikuwa imepita, na neno la mzee halina muhuri. Ndipo mwaka 2011 serikali ile ikakiri ya kuwa inayo majalada yapata 8,800 ya makoloni yake ya zamani 37, yaliyochukuliwa nchi zilipopata uhuru, yakawekwa kwa siri katika nyumba iitwayo Hanslope Park. Ya Tanganyika pia yalikuwamo. Mengine mengi hayakuchukuliwa. Yalichomwa moto ili yasije yakawaaibisha walioyaandika. Yaliyosalia yakasomwa, na mwaka 2013 serikali ikakubali kulipa paundi milioni 19.9, pamoja na gharama, kwa ajili ya watu 5,228. Wazee wale walikuwa na makovu mwilini tangu ujana wao. Makovu hayo yalipata nguvu mbele ya hakimu wakati karatasi ziliposema maneno yale yale.

Hapo ndipo nionapo jibu la swali langu. Kuichoma hati si kuharibu karatasi tu, ni kumnyamazisha shahidi kabla ya siku ya kesi. Na kutoiandika, pale palipo wajibu wa kuiandika, ni karibu sawasawa. Kwa hiyo hati za watu wote si mali ya afisa aliyeziandika, wala za waziri wake. Wao ni kama mtu aliyewekewa amana.

Nchi yetu yalifahamu neno hili, angalau katika sheria. Iko Sheria ya Nyaraka ya mwaka 1965, na iliyofuata, ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ya mwaka 2002. Sheria hii ya pili yaacha majalada yafungwe kwa miaka 30, kisha yafunguliwe. Wengine huona ya kuwa miaka hiyo ni mingi. Mimi sioni hivyo kwa kila jambo. Mtu aliye hai ana haki ya kutoanikwa uani ugonjwa wake au aibu ya nyumba yake. Neno kubwa ni kwamba kilichofungwa kiwe kipo siku ya kufunguliwa. Tena kuna Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Rais Nyerere tarehe 9 Desemba 1967 katika barabara ambayo leo yaitwa Bibi Titi Mohamed, na sheria huwataka wachapaji wapeleke huko nakala za vitabu na magazeti yao. Nawauliza wahariri na walimu wa makanisa, ni wangapi wapelekao? Magazeti yetu mengi ya zamani hutafutwa siku hizi katika nchi za Ulaya.

Msidhani ya kuwa habari hizi ni za wafu peke yao. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, watu zaidi ya ishirini wakafa chini ya kifusi, na Serikali ikaamuru majengo ya mtaa ule yakaguliwe. Mkaguzi huanza na nini? Huanza na kibali na ramani: nani aliruhusiwa kujenga, ghorofa ngapi, juu ya msingi wa namna gani, na nani aliongeza baadaye. Ikiwa ramani ipo rafuni, mtu apangaye chumba cha chini alindwa na karatasi asiyoijua. Ikiwa haipo, alindwa na bahati. Vivyo hivyo na moto ulioliteketeza soko lenyewe usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975. Bidhaa ikiungua mwenyewe hununua nyingine, kwa taabu. Daftari la miaka kumi halinunuliki.

Nasi tusinyoshe kidole kwa Serikali tu. Kitabu cha ubatizo kilicho mezani pako, mwalimu, ni hati ya watu wote, utake usitake. Watu wengi waliozaliwa vijijini bila kuandikishwa hawana ushahidi mwingine wa umri wao, na cheti cha ubatizo hukubaliwa pamoja na hati nyingine wanapoomba cheti cha kuzaliwa. Hapo zamani mimi nilitumika katika usharika mmoja ambao sitautaja. Alikuja mama mmoja mjane, shemeji zake wamemkatalia mirathi, wakisema hakupata kufunga ndoa na ndugu yao. Akaniambia, “Mwalimu, tulifungiwa hapa, naomba unionyeshe tu.” Nilikifungua kitabu. Mvua ilikuwa imeingia kabatini miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyekianika. Kurasa za mwaka ule zilikuwa zimegandana kuwa kitu kimoja kama mkate, na nilipojaribu kuzitenganisha zilikatika vidoleni mwangu, mama yule akitazama.

Aliwaleta wazee wawili waliosimama siku ile ya arusi, nao walisema sawasawa, hata wimbo ulioimbwa waliukumbuka. Nikaandika katika ukurasa mpya. Lakini juu yake nilitia maneno haya: kwamba imeandikwa kwa vinywa vya mjane na mashahidi wawili, wala haikunakiliwa katika kitabu cha kale, kwa sababu kitabu kiliharibiwa na maji kwa uzembe wetu. Nikatia tarehe ya siku hiyo, wala si ya siku ya arusi. Mama hakupendezwa. Alitaka karatasi isiyo na maelezo. Mahakamani karani aliyasoma maneno yale mara mbili, akaniuliza kwa nini nimeandika hivyo nami ningeweza kunyamaza. Nikamwambia, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Akaipokea, akaitoboa kwa msumari wa faili, akaiweka pamoja na nyingine.