Shimo la Makaa na Kanisa Lililohamishwa

Jina la Leipzig si geni kwetu, maana chama cha misioni cha mji huo ndicho kilichowatuma wamisionari Kilimanjaro mwaka 1893. Kusini ya mji huo nchi imechimbwa mashimo makubwa mno. Watu hawashuki chini kutafuta makaa ya mawe, bali huondoa udongo wote ulio juu yake, pamoja na mashamba na nyumba, kisha mashini huyachota makaa mchana kweupe.

Yatupasa kuikiri faida ya kazi hiyo bila uchoyo. Katika mgodi wa Courrières, Ufaransa, mlipuko wa mwaka 1906 uliwaua watu 1,099 chini ya ardhi. Mchimbaji wa mahali pa wazi haangukiwi na dari la mwamba, wala hewa iwakayo haikusanyiki kumzunguka. Tena makaa karibu yote hupatikana. Chini ya ardhi mengi huachwa yawe nguzo. Asemaye kwamba uchimbaji huo ni uovu mtupu, na awakumbuke wajane wa Courrières.

Lakini hasara yake huwaangukia wengine. Maji ya ardhini hayana budi kuvutwa kwa pampu, na visima vya jirani huweza kukauka. Kijiji cha Heuersdorf kilikuwa juu ya makaa. Wenyeji walipinga miaka mingi, hata mahakamani, wakashindwa. Kanisa lao la Emmaus, lenye umri wa miaka 700 na zaidi, lilipakiwa zima juu ya gari la magurudumu mengi, na Oktoba 2007 likapelekwa kilometa 12 hivi mpaka mji wa Borna. Ni kazi ya ajabu, nami siwadharau mafundi wale. Kijiji chenyewe hakikupakiwa.

Watasema wenyeji walilipwa. Naam, lakini kijiji ni amana pia ya waliozikwa pale na ya watakaozaliwa, nao hawatii sahihi wala hawapokei fedha. Watasema tena kwamba shimo likiisha hujazwa maji likawa ziwa, kama Cospuden, ambako watu wa Leipzig huogelea. Hilo ni jema, ila halimrudishi mtu kwake.

Na umeme wenyewe ni wa muda gani? Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2020 yaagiza kuchoma makaa kwa ajili ya umeme kukome kabla ya mwaka 2038 kwisha, kwa sababu moshi wake huzidisha joto la dunia. Tangu kanisa lihamishwe mpaka hapo ni miaka 31. Kwa muda huo mimi naona haikupasa kukivunja kijiji cha karne saba.