Aliyechekewa na Aliyefinywa

Chukua kijiji chochote cha Ikungi au Iramba, mkoani Singida. Mjane mmoja anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni aliouvuta miaka yote ndani ya tembe lisilo na dirisha. Watoto wakitoka shule humkimbia, na siku moja mmoja wao anapaza sauti: "Mchawi huyo!" Wenzake wanaangua kicheko. Wazee waliokaa chini ya mti nao wanacheka.

Baadaye mtoto wa jirani anashikwa na homa, anafariki. Mganga anapiga ramli. Hataji mtu, anasema tu ni mwanamke, mzee, tena wa karibu. Jina kijiji kinalo tayari. Bibi mwenye bahati hutorokea kwa ndugu wa mbali; asiye nayo hufuatwa usiku na mapanga. Shamba lake la alizeti hugawanywa, na usishangae ukikuta waliolimezea mate ndio waliolieneza lile neno kwa bidii zaidi.

Huyu si bibi mmoja. Singida, kama Shinyanga, Tabora na Mwanza, imezika vikongwe kwa namna hiyo. Sheria ya Uchawi tuliyoirithi kwa Mwingereza, ya mwaka 1928, inafanya kumtangaza mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Lakini polisi hakai chini ya ule mti. Wanaokaa pale ni wazazi.

Sasa mpeleke yule mtoto aliyepaza sauti kwenye mkutano wa kijiji. Anamuuliza baba yake, kwa sauti ya kusikika, mbona wazazi walichangishwa fedha za madawati na wanafunzi bado wanakaa chini. Anafinywa. "Nyamaza, unataka kutuletea balaa?"

Baba ana sababu ya kuogopa, wala simcheki. Tarehe 7 Septemba 2017 mbunge wa Singida Mashariki, Tundu Lissu, mtoto wa Ikungi hukohuko na mkosoaji wa serikali, alimiminiwa risasi nje ya makazi yake Dodoma akitoka bungeni. Kuna nyumba ambazo tangu hapo jina lake limekuwa la kuwanyamazishia watoto.

Ila tazama mtoto amebaki na nini: kumzushia mnyonge ni mchezo, kumuuliza mwenye cheo ni utovu wa adabu. Katiba imepanga kinyume chake. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kutoa maoni. Ya 30 inaruhusu haki hiyo iwekewe mipaka, na mojawapo ya sababu inazozitaja ni kulinda haki na sifa za wengine. Mwenye sifa ya kulindwa hapa alikuwa yule bibi. Mwenyekiti yeye, mkutano mkuu wa kijiji unapoitishwa, anadaiwa taarifa ya mapato na matumizi mbele ya wote, na michango ya madawati imo humo.