Kitufe Hakijui Potopoto

Mwanangu, hongera kwa gari. Honda Vezel ni gari zuri, halinywi mafuta kama yale ya zamani, na limevuka mpaka wa Kasindi bila kukwaruzwa. Ila jana ulipokuwa unawaonyesha wenzako jinsi linavyosimama mlimani lenyewe, mguu umeukunja na mikono unaipunga, nilinyamaza kwa sababu palikuwa na wageni. Leo tuko wawili.

Nianze kwa kukisifu hicho kitufe cha HOLD kinacholishika, usije ukasema wazee tunachukia kila kilichokuja baada yetu. Ukikanyaga breki mpaka gari likatulia, kompyuta inabakiza shinikizo la mafuta ya breki kwenye magurudumu yote manne hata ukiondoa mguu. Ukikanyaga mafuta ili uondoke, inaachia. Na shauku ya kupata kitu cha namna hiyo ni ya zamani kuliko mimi: Studebaker ya Marekani ilikuwa na kifaa cha kuzuia gari lisirudi nyuma mlimani tangu 1936, na Subaru wakaja kukiweka kwenye magari yao ya klachi kwa miaka mingi.

Faida yake kubwa si ya mguu wako. Ni ya aliye nyuma yako. Butembo imekaa juu, zaidi ya mita 1,700, na mitaa yake ni kupanda na kushuka. Foleni ikisimama kwenye mwinuko, motari wa pikipiki haachi nafasi. Anasogea mpaka gurudumu lake la mbele linakaribia kugusa bampa, na nyuma amebeba mama mwenye mtoto mgongoni. Gari la tani moja na nusu kwenye mwinuko wa asilimia 10 linavutwa kurudi nyuma kwa nguvu ya kilo 150 hivi. Likirudi shibiri mbili tu, limeshavunja mguu wa mtu. Kwa hiyo kwenye lami na kwenye udongo mkavu, kitumie. Sitakuona mvivu.

Lakini ujue masharti yake, maana kitabu kilichokuja na gari kimeandikwa Kijapani na wewe unakiacha kwenye kisanduku cha mbele kama mapambo. Kwanza, kitufe hicho kinataka kubonyezwa upya kila unapowasha gari. Ulikibonyeza asubuhi, ukazima gari sokoni, ukawasha tena: hakuna kilichokushikia. Tazama taa kabla ya kuamini. Kwenye Toyota nyingi taa ya kijani maana yake kinangoja, na ya njano maana yake kimeshika. Watu wanaona kijani, wanaondoa mguu.

Pili, kinataka mkanda uvaliwe. Nawajua vijana wanaouchomeka mkanda nyuma ya kiti ili kengele inyamaze. Wanadhani wanamdanganya polisi, kumbe wanaidanganya breki. Nawe ambaye unavaa, angalia pale kwenye bariere: unafungua mkanda ili utoe pesa mfukoni, gari linajua hujakaa sawa, linajifunga breki ya kuegesha. Halafu unaambiwa pita, unakanyaga mafuta, gari halitoki, unakanyaga zaidi huku askari amesimama mbele ya boneti yako. Funga mkanda kwanza, weka mguu kwenye breki, ndipo uondoke. Hata ukitulia bila kugusa kitu, baada ya dakika 10 hivi hizi Honda zinahama zenyewe kwenda kwenye breki ya kuegesha, na Toyota nyingi baada ya dakika 3 hivi.

Tatu, usikichanganye na kile kisaidizi kingine cha mlimani ambacho magari mengi yanacho bila kitufe chochote. Kile kinashika kwa sekunde 2 hivi tu, muda wa kutoa mguu kwenye breki na kuupeleka kwenye mafuta. Ukiazimwa Prado ukadhani inafanya kama Vezel yako, utahesabu moja, mbili, na ya tatu utakuwa unarudi bondeni.

Sasa tuje kwenye barabara yetu.

Kutoka Beni hadi hapa Mangina ni kilomita 30 hivi za udongo, na mvua ikinyesha alasiri unajua mwenyewe inavyokuwa. Nataka hili uliweke kichwani hata kama mengine yote utayasahau: breki inashika gurudumu. Gari linashikwa na ardhi. Kwenye lami kavu mambo hayo mawili ni kitu kimoja, ndiyo maana waliotengeneza kitufe hawana wasiwasi nacho huko. Kwenye potopoto yanaachana. Magurudumu yote manne yanaweza kuwa yamefungwa kabisa, taa inawaka, nawe unateleza kurudi nyuma taratibu kuelekea mtaroni. Vitabu vya magari hayo vinaonya kabisa juu ya miinuko mikali na barabara za utelezi, na hawakuwahi kuiona njia ya Mangina.

Tena gurudumu lililofungwa haliongozeki. Ukiona unateleza, kuzungusha usukani huku breki imeshika ni bure. Weka mguu kwenye breki, kizime kitufe, kisha ulegeze breki kidogo kidogo ili magurudumu yaviringike na usukani upate kazi, ukirudi nyuma kwa mstari ulionyooka, polepole, ukitazama nyuma kwa macho yako. Usitafute kugeuza gari katikati ya mlima. Wanaogeuza ndio tunaokwenda kuwavuta kwa kamba.

Kuna jambo baya zaidi, nalo hutokea pale unapojiona umeshinda. Kitufe kinaachia ukiomba kuondoka. Hakiwezi kujua kama magurudumu yako yameuma ardhi au yanazunguka bure. Vezel nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Likipanda mlima, uzito unaegemea nyuma. Nawe umeongeza magunia ya kakao kwenye buti, na juu ya kiti cha nyuma umepakia watu wanne. Mbele pamebaki pepesi. Unakanyaga mafuta, breki inaachia, tairi za mbele zinazunguka kama feni, na gari linaanza kurudi. Wakati huo hakuna kinachokushika, wala kitufe hakitashika tena mpaka ukanyage breki mwenyewe kwa mguu wako. Ikiwa mguu umeshazoea kustarehe sakafuni, utachelewa.

Dawa yake ni kutosimama kwenye mpando wa matope. Ukifika chini ukakuta lori mbele yako linapanda, subiri chini. Liache lipande mpaka juu, hata wakikupigia honi. Likikwama, wewe uko mahali tambarare na utakunywa chai. Kisha panda kwa gia ya chini, kwa mwendo mmoja, bila pupa. Usukani wako uko kulia na Kongo tunapita kulia, kwa hiyo unaona mtaro vizuri kuliko unavyoona gari linalokuja. Mtume mtu atembee mpaka kileleni akupungie mkono. Abiria wa mbele ana miguu, na hajalipa kiasi cha kumfanya asishuke.

Ikibidi kusimama, shusha watu kwanza, na asiwepo hata mmoja anayesimama nyuma ya gari kusukuma kabla tairi halijawekewa jiwe. Konvoyeri wa malori wanatembea na gogo lililochongwa kwa kazi hiyo, na wanaliweka kabla dereva hajasema. Wewe pia uwe nalo kwenye buti, halizidi uzito wa kuku. Mkishaondoka, rudini mlitoe barabarani. Mawe yanayoachwa katikati ya njia yanawaangusha mamotari usiku, na sijawahi kumsikia dereva hata mmoja akikiri kuwa lile jiwe lilikuwa lake.

Utaniambia lami inakuja. Ni kweli kwamba Juni 2021 Rais Tshisekedi na Rais Museveni walizindua mradi wa barabara: kilomita 80 za Kasindi hadi Beni, na kilomita 54 za Beni hadi Butembo. Mangina haimo kwenye hesabu hiyo. Na hata lami ikifika mlangoni kwako, shamba la kakao la baba yako litabaki kwenye udongo.

Jambo la mwisho ni mguu wenyewe. Hutaendesha Vezel maisha yako yote. Ebola ilipotangazwa hapa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, njia hizi zilijaa Land Cruiser nyeupe za mashirika, zile ngumu za klachi na breki ya kuvuta kwa mkono. Kijana aliyejua kuondoa gari la namna hiyo mlimani alikuwa na cha kuonyesha alipoulizwa anajua nini. Kesho utapewa Fuso ya mjomba, au Corolla ya jirani ambaye mke wake ameshikwa na uchungu usiku. Huko hakuna kitufe. Mguu uliofundishwa kwamba gari likisimama kazi yake imekwisha utafanya vilevile ndani ya Fuso yenye tani nane za mbao.

Kwa hiyo Jumapili baada ya misa usiende na wenzako. Njoo na ile Corolla ya klachi, nimeshamwomba mwenyewe. Tutakwenda kwenye kile kimwinuko kifupi nyuma ya shule, pakiwa pakavu na hapana watoto. Utavuta breki ya mkono, utaingiza gia ya kwanza, utaachia klachi taratibu mpaka usikie injini inabadilisha sauti na gari linatetemeka kutaka kwenda, utaongeza mafuta kidogo, ndipo ushushe mkono. Mwanzoni litazimika mara nyingi, na mimi nitakaa kiti cha pembeni nisiseme kitu. Ukiweza bila kurudi nyuma hata kidogo, tutabadilisha, tuchukue Vezel, tubonyeze HOLD, tutafute sehemu yenye matope kidogo, nikuonyeshe kwa macho yako mahali kinapoishia. Njoo na viatu vya kuchafua, na mafuta ya Corolla utatia wewe.